Deraya imegoma: kusoma dalili za thamoplastiki kwenye mavazi ya kosplei

Kipande cha vazi la kosplei, lile la kuigiza mhusika wa filamu au katuni, kikiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni joto. "Nimeunguza," au "sikupasha vya kutosha." Mara nyingine ni kweli. Lakini kwa kazi nilizofanya na nyingi nilizoletewa nizitazame, kasoro kubwa huzaliwa bloa, ile bastola ya mafundi ya kupuliza hewa ya moto, likiwa limeshazimwa, katika zile dakika chache ambazo plastiki inapoa huku mikono ya fundi imechoka kushika. Thamoplastiki, yaani plastiki inayolainika kwa joto na kuwa ngumu ikipoa, hukaa vile ilivyolala wakati inapoa, hata kama uliipasha sawasawa kabisa. Kwa hiyo kabla hujashuka kwenye dalili hizi, jibu swali moja: kipande chako kilipoa kikiwa kimelazwa juu ya nini? Kama jibu ni "mezani tu", nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayohusu umbo kubadilika. Utaokoa muda.

Nitazungumza zaidi kuhusu Worbla, lile shiti la kahawia la unene wa milimita 1 hivi linalotoka Ujerumani, kwa sababu ndilo watu huliona kwenye video kisha wakalinunua kwa bei ya kuumiza. Lakini wengi wetu huku tunafanya kazi kwa povu la EVA, ile mikeka ya rangi rangi ya kuchezea watoto. Kwa mabomba ya PVC yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Na kwa chembe nyeupe za polikaprolaktoni zinazoyeyuka kwenye maji ya moto. Kila nyenzo ina joto lake, na mkanganyiko mwingi unatokana na kufuata maelekezo ya nyenzo moja ukiwa umeshika nyingine. Polikaprolaktoni hulainika kwenye nyuzi 60 za Selsiasi. PLA, ile plastiki ya printa za 3D, nayo huanza kulegea karibu na hapo hapo. PVC ngumu ya bomba, kama 80. Worbla ya kahawia, 90. TranspArt, ndugu yake Worbla aliye angavu, ni 120, na tofauti na ndugu yake haina upande wenye gundi. Namba hizi zitarudi mara kwa mara huko chini.

Haitaki kulainika, au inalainika madoadoa

Kwanza angalia unachopashia. Draya ya nywele imetengenezwa isiunguze kichwa cha mteja, kwa hiyo hata ile ya saluni yenye kelele hufika kikomo chake kabla Worbla haijaamka vizuri. Inaweza kulainisha kipande kidogo cha upana wa kiganja. Kwa dirii ya kifua, utasimama hapo hadi jioni, upande mmoja ukipoa wakati unapasha mwingine. Hiyo kazi inataka bloa.

Una bloa na bado ni madoadoa? Tazama umeme. Waya wa kupashia hupoteza nguvu haraka kuliko volti zinavyoshuka: umeme wa volti 230 ukishuka hadi 180, nguvu ya bloa inabaki kama asilimia 60 tu. Ndiyo maana bloa lililofanya kazi vizuri saa nne asubuhi linakuwa baridi saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko. Ekstensheni nyembamba na ndefu huongeza tatizo hilo hilo, na ikiwa imeviringwa inaweza kupata moto yenyewe. Chomeka bloa moja kwa moja ukutani kabla hujaenda dukani kudai ni bovu.

Sababu nyingine ni feni. Najua joto la Dar au Mombasa, najua bloa linaongeza balaa, lakini feni ikielekezwa mezani inapoza shiti kwa kasi ile ile unayolipasha. Igeuzie mgongoni kwako. Meza ya marumaru, sakafu ya saruji na bati navyo hunyonya joto kutoka chini. Weka ubao, kisha karatasi ya kuokea keki juu yake ili Worbla isigande kwenye mbao.

Pasha kwa mwendo wa duara, bloa likiwa mbali kidogo, na ugeuze shiti. Ukiliinua kwa ukingo mmoja likaning'inia kama chapati mbichi kutoka kwenye kibao, liko tayari. Likisimama wima hata kidogo, bado.

Wapo wanaotumia maji yanayochemka badala ya bloa. Pwani inawezekana. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na sufuria ikitolewa tu jikoni yanashuka chini ya 90, kwa hiyo Worbla inalegea nusu na kugoma. Halafu kuna maji yanayobaki kwenye upande wa gundi, ambayo yatakuletea kesi nyingine kwenye viungo. Maji ya moto yaachie polikaprolaktoni.

Malengelenge

Hapa kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa sura, na dawa ya moja huharibu jingine. Weka kipande dirishani mwanga ukipita kwa ubavu, kisha bonyeza lengelenge kwa ukucha. Likizama na kurudi, tena ni pana na laini, ni hewa iliyonaswa kati ya tabaka mbili au kati ya Worbla na povu. Likiwa dogo na gumu, mengi yamekusanyika sehemu moja kama upele, na rangi ya kahawia hapo imeiva kuliko pembeni, hapo umeunguza. Worbla ina mabaki ya mbao ndani yake. Ikizidiwa joto hutoa moshi mwembamba, huwa nyeusi, na sehemu hiyo ikipoa inakuwa kavu ya kuvunjika.

Hewa inatibika. Pasha eneo hilo, toboa kwa sindano kwenye ukingo wa lengelenge, si katikati yake, kisha sukuma hewa kwa kidole ukielekea kwenye tundu. Tundu litafungwa na gundi yenyewe. Kuizuia ni rahisi zaidi kuliko kuitibu: unapofunika povu kwa Worbla, anza kubonyeza katikati na kwenda pembezoni. Anayeanza na kingo zote nne anafungia hewa ndani, kisha anashangaa imetoka wapi.

Sehemu iliyoungua haitibiki. Ikate, ziba kwa kiraka kipya. Kuipasha tena ukitumaini italainika ni kuipeleka mbele zaidi kwenye njia ile ile.

Ilikuwa sawa, ikapoa, ikabadilika

Hili ndilo tatizo lenyewe, na nitakaa nalo.

Chukua kikinga ugoko. Umepima mguu, umekata karatasi ya kiolezo, umepasha, umekunja juu ya chupa kubwa ya kioo, umbo limekuja zuri. Unakitoa kikiwa vuguvugu kwa sababu unakitaka kingine, unakilaza mezani mdomo ukiwa chini. Kwa macho hakuna kinachotokea. Lakini uzito wake wenyewe unasukuma mbavu mbili nje, milimita kwa milimita, na ukikivaa kesho yake kinakaa kimefunguka, kinapiga piga mguu ukitembea.  Kiolezo chako kilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwa hiyo usikate kingine. Pasha kile kile, rudisha kwenye chupa, kifunge kwa kitambaa, na usikitoe hadi nyuma ya kiganja chako isisikie joto lolote, hasa sehemu ya ndani. Ndani huchelewa. Kwenye joto la pwani huchelewa zaidi kuliko Arusha au Nairobi, na shiti la tabaka mbili huchelewa kuliko la moja.

Kuna sura ya pili ya tatizo hili, ambayo watu wengi hudhani ni uchawi: kingo zinajikunja zenyewe kuelekea upande mmoja, ingawa kipande kilikuwa juu ya kifomu, yaani kile kitu unachokikunjia, muda wote. Plastiki husinyaa inapopoa. Ukiharakisha kwa kuweka kitambaa chenye maji baridi juu tu, uso wa juu unaganda kwanza. Ndani bado ni moto, na itakaposinyaa baadaye itavuta kingo kuelekea kwake. Kipande hujipinda kuelekea upande uliochelewa kupoa. Ukishaijua kanuni hiyo unaweza kusoma kosa kwa kutazama tu: kingo zimeingia ndani, ndani ilichelewa, zimefunuka nje, ulipuliza ndani mapema mno. Kitambaa cha maji kinafaa, lakini kipitishe pande zote mbili, au acha upepo ufanye kazi yake taratibu.

Sura ya tatu ni ya wale wanaofunika povu la EVA kwa Worbla, tabaka juu na tabaka chini. Njia nzuri, inatoa kipande kigumu na chepesi. Lakini povu lina ubishi wake. Likiwa limekatwa kutoka kwenye mkeka uliokaa bapa, linataka kurudi bapa, na linavuta Worbla nalo polepole kwa siku kadhaa. Dirii ya kifua iliyokuwa na mviringo mzuri Jumatatu inakuwa sinia Ijumaa. Dawa ni kupasha povu peke yake kwanza, likunje, liache lipoe likiwa na umbo unalolitaka, ndipo ulivalishe Worbla. Povu la milimita 5 linahitaji hatua hii bila mjadala. La milimita 2 linasamehe.

Kuhusu vifomu vyenyewe: sufuria, chupa za kioo, vinu, miti ya mwashi, vyote vinafaa. Chupa ya plastiki ya soda haifai, itasinyaa kabla kazi haijaisha. Stairofoamu nyeupe inayokuja kwenye boksi la friji inavutia kwa sababu inachongeka kirahisi, lakini bloa likiielekea inanywea, na rangi ya kupuliza ya kopo inaila kabisa. Ukiitumia, ifunike kwa foili tabaka kadhaa na upashe shiti pembeni ndipo ulilete. Na kuna mtu atafikiria mtungi wa gesi, kwa kuwa una mviringo mzuri wa paja. Asifikirie tena. Bloa na mtungi wa gesi, hata ulio mtupu, havikai chumba kimoja.

Kwa kiwiliwili, hakuna kifomu kinachoshinda mwili wako wa tepu: vaa fulana kuukuu, mwenzako akuzungushie tepu ya karatasi hadi iwe ngumu, akukate mgongoni kwa mkasi wenye ncha butu, mzibe, mjaze magazeti. Mkono wa fulana uache na tepu yake, utakuonyesha mahali bamba la bega litakapogongana na dirii.

Viungo vinaachia

Upande unaong'aa ndio wenye gundi. Inaonekana ni jambo dogo mpaka uone ni mara ngapi mtu kaunganisha migongo miwili isiyo na gundi akasubiri muujiza.

Kama pande ziko sawa, basi kipande kimoja kilikuwa baridi. Gundi ya Worbla inataka pande zote mbili ziwe moto kwa wakati mmoja. Cha moto juu ya cha baridi kinashika kwa juu juu, kinaachia ukiinama. Baada ya hapo ni uchafu: vumbi la msasa, unyevu, na mafuta. Mafuta ndiyo adui asiyeonekana, kwa sababu sisi wenyewe tunapaka losheni au vaselini kwenye kifomu ili kazi isigande, kisha kwa vidole vile vile tunashika kingo za kuunganisha. Futa kwa spiriti, kwaruza kwa msasa, pasha, bonyeza.

Pale joto lisipowezekana, kwa mfano mkanda wa ngozi kwenye kipande kilichokwisha rangi, tumia gundi ya viatu, ile ya njano ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri hadi kidole kisinate, kama dakika 10, ndipo ukutanishe. Anayekutanisha ikiwa mbichi ndiye anayesema gundi hii ni feki. Na ufungue madirisha. Gundi hizi zina viyeyushi vinavyoshika moto, kwa hiyo jiko la mkaa na bloa viwe mbali hadi ikauke.

Mipasuko kwenye pembe

Karibu kila mpasuko huanzia kwenye pembe kali iliyoelekea ndani, pale kisu kilipokata V. Nguvu zote za kipande kinapokunjwa hukusanyika hapo. Kata pembe hizo kwa mviringo mdogo hata kama mchoro unaonyesha ncha, kisha ncha itengeneze juu kwa kipande cha ziada. Sababu ya pili ni kulivuta shiti moto kupita kiasi juu ya kitu chenye mbonyeo mkali, kama goti: katikati linabaki jembamba kuliko karatasi ya kalenda, na ukiliangalia juani unaona mwanga unapita. Ongeza tabaka ndani. Mabaki uliyokata usitupe. Yapashe, yakande pamoja kama unga, na una udongo wa kuzibia nyufa na kuchongea mapambo.

Harufu inayochoma pua

Sehemu hii si ya kuruka.

Bomba la PVC ni zawadi kwa mtu asiye na hela ya Worbla. Unalipasua kwa urefu, unalipasha, linafunguka kuwa shiti gumu, na ukilipaka rangi vizuri hakuna atakayejua lilikuwa la maji. Lakini kati ya kulainika na kuoza hakuna nafasi kubwa. Likizidiwa joto linageuka njano, kisha kahawia, na wakati huo linatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho, pua na mapafu inakuwa asidi. Ndiyo ile harufu kali inayokukaba koo. Ukiona rangi inabadilika, umeshachelewa: zima, toka nje, acha chumba kipumue.

Barakoa ya kitambaa na ile ya vumbi hazizuii gesi. Zinazuia vumbi la msasa, na kwa hilo zivae. Kwa gesi na viyeyushi unahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio maalumu vya kemikali vinavyotajwa kwenye lebo yake, na hata hiyo ni nyongeza tu juu ya kufanya kazi nje. Kupasha bomba juu ya mkaa au kiberiti cha gesi, kama baadhi ya video zinavyoonyesha, mimi siwezi kumshauri mtu. Moto wa wazi huna namna ya kuupima.

EVA nayo ikiungua inanuka vibaya na uso wake unasinyaa kama ngozi ya kizee, lakini inakuonya mapema zaidi. Inapopashwa kiasi, uso unang'aa ghafla na vitundu vyake vinafunga. Hapo hapo ondoa bloa.

Uso una chembechembe, rangi ya fedha inaonyesha kila kitu

Worbla ya kahawia ina ngozi ya mchanga. Ile nyeusi ni laini zaidi, lakini nayo inahitaji kazi. Rangi ya fedha au dhahabu haifichi kitu, inatangaza.

Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, tabaka tatu hadi tano nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Kwa ulaini zaidi pitia praima nzito ya kopo, ile rangi ya msingi, kisha msasa, ukianza na namba ndogo na kumalizia na 400 au zaidi. Hapa watu wa pwani wanapata shida ambayo video za Ulaya hazisemi: wakati wa masika hewa imejaa maji, gundi inakauka juu na kubaki mbichi chini, na ukiweka tabaka la pili mapema yote yanabaki laini, ukucha unaacha alama. Subiri usiku mzima, au fanya kazi ndani ya boksi la kadibodi lenye taa ya balbu ya zamani inayotoa joto.

Vanishi ya kupuliza nayo ikipigwa kwenye unyevu inatoka na ukungu mweupe juu ya rangi nzuri uliyohangaika nayo, kwa sababu kiyeyushi kinaporuka kinapoza uso na maji ya hewani yanatua hapo. Mara nyingi tabaka jembamba jingine, lililopigwa siku kavu saa sita mchana, linauondoa.

Puti ya magari inatengeneza uso wa kioo. Iweke kwenye chapeo na pembe, vitu visivyojikunja. Ukiiweka kwenye dirii ya kifua inayopumua nawe, itapasuka siku ya kwanza.

Rangi inapasuka au kubanduka

Ikipasuka kwa mistari sambamba kwenye mkunjo, msingi ni mgumu kuliko kipande: praima ya magari juu ya povu linalojikunja. Vua hadi chini, weka gundi ya mbao au rangi ya akriliki kama msingi. Ikibanduka kwa maganda makubwa yanayotoka mazima, chini yake kuna mafuta au vumbi. Ikibaki inanata wiki nzima juu ya rekzini au plastiki laini, vilainishi vya plastiki hiyo vinapanda na kuilainisha rangi, na kusubiri zaidi hakutasaidia. Futa, anza na akriliki ya maji.

Kinyago hakikai usoni

Kwanza, hakuna kipande cha nyuzi 90 kinachowekwa juu ya ngozi, hata kwa "sekunde tu", hata na taulo katikati. Nimesikia sababu zote. Tengeneza sura ya uso wako kwa bendeji za plasta zile za POP, ijaze plasta, na fanyia kazi hapo. Matundu ya pua na mbonyeo chini ya kidevu yazibe kwa udongo, la sivyo shiti litaingia humo, litaganda, na kukitoa kinyago itabidi uvunje kimoja kati ya viwili.

Kinyago kinachobana kila mahali kimetengenezwa juu ya sura tupu bila kuacha nafasi. Unahitaji nafasi ya sponji kwenye paji na mashavu, na nafasi ya jasho. Kabla ya kulaza Worbla, valisha sura hiyo povu la milimita 5, kisha foili, ndipo shiti. Kinachobana sehemu moja tu, kwa kawaida daraja la pua, hakihitaji kurudiwa: pasha hapo peke yake kwa pua nyembamba ya bloa, sukuma kwa kijiko kutoka ndani, shika hadi kipoe.

Huoni? Watu hupanua matundu ya macho, sura inaharibika, na bado hawaoni. Tatizo ni umbali. Tundu dogo lililo karibu na jicho linaonyesha zaidi kuliko tundu kubwa lililo mbali. Sogeza kinyago karibu kwa kupunguza sponji. Kisha pima macho yako: kati ya mboni na mboni ni kama milimita 63 kwa wastani wa watu wazima, lakini wastani si wewe, na kiolezo ulichopakua kilichorwa kwa mtu mwingine. Ukiwa nje kwa milimita 5 kila upande, jicho moja litakuwa linatazama ukuta wa ndani.

Ukungu kwenye vioo vya macho ni pumzi yako iliyokosa njia. Toboa chini ya pua na juu ya paji, mahali panapofichwa na nywele au pembe, ili hewa ipande na kutoka. Tone la sabuni ya vyombo likipakwa kwenye kioo na kufutwa kwa kitambaa kikavu husaidia saa moja au mbili. Na kama ni chapeo iliyofunga kichwa kizima, mwenzako awe karibu wa kuivua. Ukumbi ukijaa, joto la ndani yake halina mzaha.

Chapeo isiyoingia kichwani, kwa kawaida umepima paji tu. Sehemu pana ni masikio. Ipasue nyuma, weka sumaku.

Nyumbani inakaa, ukumbini inaanguka

Ulijaribu ukiwa umesimama mbele ya kioo. Jaribu ukikaa, ukiinama kufunga kiatu, ukipanda ngazi, ukiinua mikono kupiga picha. Bamba la bega linalomezwa na dirii ukiinua mkono halijafungwa vibaya, liko chini sana. Liambatishe kwenye mkanda wa bega, sio kwenye dirii. Ribiti zinazong'oka zilipigwa kwenye tabaka moja. Weka kiraka cha Worbla ndani na kipande cha ngozi katikati. Velkro ya gundi hubanduka kwa jasho, ishone kwenye mkanda kwanza.

Imeharibika njiani

Gari lililofungwa vioo juani, dashibodi yake hupita nyuzi 60 bila shida. Rudi kwenye zile namba za mwanzo uone nani anaumia: meno na kucha za polikaprolaktoni zinakuwa tope, chapeo ya PLA inalegea na kulala upande. Worbla husalimika, lakini ikiwa imebanwa chini ya begi kwa saa sita kwenye buti la basi, uzito unafanya kazi ambayo joto peke yake lisingeweza. Jaza vipande magazeti ndani na visafiri juu ya mizigo.

Ukumbini usitegemee soketi. Chukua chupa ya chai yenye maji yaliyochemka na mfuko mdogo wa chembe za polikaprolaktoni. Mimina maji kwenye kikombe, weka kijiko kimoja cha chembe, ngoja zibadilike kutoka nyeupe kuwa angavu, zitoe kwa uma, zifute maji, bandika nyuma ya ufa na ubonyeze zipite pande zote mbili za mpasuko. Zikirudi kuwa nyeupe zimekamata. Maji yaliyobaki usiyamwage kwenye sinki la ukumbi. Mabaki yakigandia kwenye bomba, mwenye ukumbi mwakani atawakumbuka nyote.